Yangeyange Kwenye Maonyesho ya Magari

Siku mliponiaga pale karakana mlinipa saa ya ukutani na jembe jipya. Saa nimeitundika. Jembe nimeelewa maana yake, na tayari limeshapata udongo. Lakini wawili watatu kati yenu mlinifuata hadi getini mkaniambia, "Mzee Ngasa, tuandikie ile habari ya mashua, maana kila mtu anaisimulia kivyake." Ni kweli. Nimewahi kuisikia ikisimuliwa mbele yangu na mtu ambaye wakati ule hakuwa hata ameajiriwa, na katika simulizi yake mimi nilimtukana mgeni rasmi. Sikumtukana mtu. Basi naandika ilivyokuwa. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilikuwa vichache na vyote vilichelewa.

Nilianza kazi ya useremala kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Nilitoka kijijini kwetu, upande wa Ibadakuli, nikiwa nimejifunza kutengeneza viti na milango kwa mjomba wangu. Ziwa sikuwa nimeliona. Maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya lambo la kunyweshea ng'ombe, na hilo nalo lilikauka kila kiangazi. Karani wa mgodi aliniangalia mikono, akaniuliza kama naogopa maji. Nikasema siogopi, kwa kuwa sikuelewa anauliza nini. Nikapelekwa Nungwe, kwenye gati la mgodi, nikatengeneze mashua.

Pale gatini alikuwepo fundi mmoja tu wa vyombo vya majini, Mzinza, jina lake Bigambo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, anayeongea kidogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka, akanipa nyundo ya mti.

"Gonga kila ubao wa mashua ile, usikilize."

"Nisikilize nini, mzee?"

"Ukisikia utajua. Usiposikia, kesho utagonga tena."

Nikagonga kutwa nzima. Mbao zote ziliniitikia vilevile, kama mlango unaobishwa. Jioni nikafika mahali karibu na nyuma, ubao ukaitika kwa sauti nzito, iliyolala. Nikamwita. Akaja na kisu, akakisukuma pale kwa kidole kimoja, kikazama hadi kwenye mpini. Ubao ulikuwa umeoza ndani huku rangi yake ikimeta nje. Bigambo akafuta kisu kwenye suruali na kusema, "Njoo na kesho." Ndivyo nilivyopata kazi. Ile ya karani ilikuwa karatasi tu.

Alinifundisha mambo mengi, lakini lililonishika zaidi ni kalafati. Kalafati ni kazi ya kuziba mianya iliyopo kati ya ubao na ubao. Unasokota pamba kama kamba, unaiingiza kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mimi, ambaye kwetu tunalima pamba, nilijiona niko nyumbani. Nikapewa mashua ndogo ya makasia iliyokaa juani miezi mingi. Mianya yake ilikuwa mipana. Nikaisindilia pamba kwa nguvu zangu zote za ujana, safu juu ya safu, mpaka nyundo ikawa inarudi. Bigambo alikuwa ameitwa mgodini juu siku hizo, hakuniona. Mashua ikashushwa ziwani, haikuvuja hata tone. Nilitembea pale gatini kama mwenye gati.

Siku ya tatu, tumekaa tunakula ugali na dagaa, tukasikia mlio kama bunduki. Mbavu za ndani zinazoshika mbao za mashua, zile zinazoitwa mataruma, mbili zilikuwa zimekatika.

Bigambo alirudi, akaingia ndani ya mashua, akapitisha mkono. "Ubao mkavu ukipata maji unanenepa," akaniambia. "Wewe umemlaza mtu kwenye kitanda chembamba, ukamfungia mlango, halafu ukamlisha. Sasa amevunja kitanda."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alinipa kulabu ndogo nikaitoa pamba yote niliyoisindilia. Kuiingiza kulinichukua siku mbili, kuitoa tisa. Kisha akanionyesha namna ya kuiweka mashua iliyokauka: unaweka pamba kidogo, kwa mkono mwepesi, unaiacha mianya ionekane, unaizamisha mashua kwenye maji ya kina kifupi kwa mawe, unasubiri. Mbao zinakunywa, zinanenepa, zinajifunga zenyewe. Mtu asiyejua akikuta umeizamisha mashua yake, atakwenda kukushtaki.

Mashua kubwa ya gati lile ilikuwa motaboti nyeupe iliyoitwa Yangeyange, kwa jina la wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe. Ilikuwa na injini ya petroli ya aina ileile iliyokuwa kwenye malori ya mgodi, usukani wa mbao, na honi ya shaba. Ilibeba wageni, barua, na wagonjwa. Mimi na Bigambo tuliihudumia miaka michache, hadi mgodi ulipofungwa. Watu walisambaa. Bigambo akabaki ziwani na ndugu zake. Yangeyange ikapandishwa nchi kavu, ikafunikwa turubai. Mimi nikarudi Shinyanga, nikaingia kwenye karakana ambayo ninyi mnaijua.

Miaka kumi na mitano iliyofuata niliijenga juu ya malori. Bodi za mbao za kubebea pamba, bodi za kubebea ng'ombe, bodi za kubebea watu ambazo kwenye karatasi ziliandikwa kuwa ni za mizigo. Nilitengeneza pia madawati, na majeneza wenzetu walipofiwa. Rafiki yangu mkubwa wa kazini alikuwa Salehe, mtu wa Tabora, fundi wa kunyoosha bodi za chuma. Gari likiletwa limekunjamana kama karatasi, Salehe alilizunguka mara tatu akilipapasa, kisha akaanza kwa nyundo ndogo. Alama ya mwisho iliyobaki aliijaza kwa puti, ule ujazo wa magari unaokauka ukawa mgumu kama jiwe, akaipiga msasa, na baada ya rangi hata mwenye gari hakukumbuka lilipogongwa. Salehe hakupenda kitu kinachoonyesha kovu. Alinyoosha hata masufuria ya mke wangu.

Meneja wetu mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa Bwana Mfinanga, Mpare, mtu wa haki na wa maneno mengi, ambaye ugonjwa wake ulikuwa magari ya zamani. Alikuwa na lake mwenyewe nyumbani kule Kambarage, la mwaka ambao hata yeye alikuwa akiubadilisha kila anapousimulia. Akapata wazo la kufanya maonyesho ya magari ya zamani mjini Shinyanga. Ninyi mliozoea vitu kupatikana hamtaona kichekesho chake. Miaka ile kila gari lililokuwepo mjini lilikuwa la zamani. Tofauti ni kwamba yale ya maonyesho yangeoshwa.

Katikati ya maandalizi hayo, asubuhi moja, mwanamke mmoja mrefu mwenye begi la kitambaa akasimama mlangoni mwa sehemu ya mbao. Alikuwa amepanda mabasi mawili na lori moja.

"Hodi. Namtafuta fundi anaitwa Ngasa, aliyefanya kazi na mzee Bigambo."

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Mimi ni Mama Generoza. Ni mkunga kwenye zahanati ya ziwani, mbele ya Buseresere. Mzee Bigambo amenituma. Amesema hapa Shinyanga kuna mtu mmoja tu anayejua kutengeneza mashua, na kwamba mtu huyo amefichwa kwenye malori."

Habari yake ilikuwa fupi. Zahanati ilikuwa upande mmoja wa ghuba, vijiji vinne upande wa pili. Mama mjamzito akizidiwa kule, kuzunguka kwa nchi kavu ilikuwa safari ya siku nzima, kama barabara ilipitika. Walikuwa wakivushwa kwa mitumbwi. Mwaka ule mtumbwi mmoja ulipinduka, wakazama mama na mtoto wake aliyekuwa bado hajazaliwa. Mama Generoza alikuwa ndani ya mtumbwi uleule. Yeye alijua kuogelea. Hilo alilisema huku akiangalia randa yangu mezani. Kisha akasema kwamba Yangeyange bado iko Nungwe chini ya turubai, na waliokabidhiwa mali za mgodi wamekubali kuitoa kwa zahanati, kama atapatikana mtu wa kuifufua.

Nikampeleka kwa Bwana Mfinanga. Aliposikia habari za injini alinyanyuka kitini. "Itengenezwe hapa, bure, kwa mbao zetu," akasema. "Sharti langu ni moja tu. Kabla haijaenda, ikae kwenye maonyesho yangu."

"Lakini hii ni mashua, Bwana Meneja," nikasema.

"Ina injini, ina usukani, ina honi. Tairi peke yake ndiyo haina."

Tukakubaliana. Yangeyange ikaletwa juu ya lori, imelazwa kwenye magunia ya pumba, na watu wa Shinyanga wakaikimbilia njia nzima. Niliipapasa, nikaigonga kutoka mbele hadi nyuma. Mbao kumi na moja zilikuwa zimeoza. Mkuku, ule mgongo wa chini unaobeba chombo chote, ulikuwa mzima. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi.

Nilifanya kazi ile miezi sita, kila nilipopata nafasi kati ya lori na lori. Misumari ya shaba haikupatikana popote, basi nilitoa ya zamani mmoja mmoja, nikainyoosha, nikairudisha. Salehe aliifungua injini pamoja na makanika, akaing'arisha honi mpaka ikawa kioo. Mbao zilizooza nikazibadilisha. Kilichonishinda ni hewa ya kwetu. Mnaujua upepo wa Shinyanga wakati wa kiangazi, unavyopasua midomo ya watu na milango ya nyumba. Uliinyonya Yangeyange. Mianya ikafunguka mpaka nikiwa ndani ya mashua niliweza kumwona mtu aliye nje na kumtambua.

Mimi sikushtuka. Ilihitaji maji, si kitu kingine. Lakini Bwana Mfinanga alipita wiki mbili kabla ya maonyesho, akachungulia, na uso ukamsawijika.

"Fundi, hiki ni kihenge cha mahindi. Mgeni rasmi ataonyeshwa hiki?"

Nikamweleza. Ubao unakauka, unanywa, unanenepa. Alinisikiliza nusu, kisha akamwita Salehe na kumwambia azibe mianya yote kwa puti ya magari, apige msasa, apake rangi.

"Itakuja kuvunjika mbavu ikifika majini," nikasema.

"Baada ya maonyesho utaitoa puti yako. Kuna ubaya gani?"

Sikuona ubaya. Au niseme vizuri: niliuona, nikaona ni mdogo. Nilisema mara ile moja, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, kisha nikanyamaza. Salehe alikuwa na kopo la puti ya kutoka nje alilolificha miaka miwili kwa ajili ya kazi itakayostahili. Alilifungua kwa Yangeyange. Alifanya kazi siku nane, na ilipokauka rangi ya mwisho, wafanyakazi wote walitoka kuja kuitazama. Ilikuwa laini kama yai. Hukuona ubao unapoanzia wala unapoishia. Nami, naomba mnisamehe, nilikuwa wa kwanza kumpa Salehe mkono. Nikachukua kitambaa nikasugua usukani. Ni kitu kigumu kuipinga kazi mbaya iliyo nzuri kiasi kile, hasa ukiwa jina lako nalo limo ndani.

Siku ya maonyesho uwanja ulijaa. Petroli ilikuwa haipatikani, kwa hiyo magari mengi yalifika kwa kusukumwa. Lori moja la kizamani kutoka misheni lilifika likivutwa na ng'ombe sita, na ndilo lililoshangiliwa kuliko yote. Kila aliyeleta chombo alijaziwa fomu. Kwenye "idadi ya magurudumu" Bwana Mfinanga alituandikia "hakuna," kwa mwandiko mzuri.

Watu waliizunguka Yangeyange tangu asubuhi. Wengi walikuwa wafugaji ambao, kama mimi zamani, hawakuwa wamewahi kuona ziwa. Bibi mmoja alishika mdomo, "Mayu! Hili ndilo linalopita juu ya maji?" Mzee mwenye fimbo alitaka kujua linabeba ng'ombe wangapi. Nikamwambia halibebi ng'ombe. Akaondoka kwenda kuangalia malori.

Mama Generoza alifika saa nne, na begi lake lilelile. Alinisogelea kabla hajaitazama mashua.

"Fundi Ngasa, pole. Mzee Bigambo ametutoka. Tumemzika mwezi uliopita."

Nikakaa kwenye gogo lililoshikilia mashua. Naye akakaa kando yangu. Nilifikiri juu ya mikono ile mifupi ya Bigambo, na kwamba katika miaka yote hii sikuwahi kumwandikia hata barua. Baadaye Mama Generoza akanyanyuka, akaizunguka Yangeyange, akaipapasa ubavu. "Imekuwa nzuri mno," akasema taratibu. "Nitaogopa kumpandisha mtu mwenye matope."

Mchana mgeni rasmi akaja. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, anayependa mambo yaonekane kufanyika. Bwana Mfinanga aliwasha injini kwa petroli aliyoitunza kwa kazi hiyo tu, akapiga honi, uwanja ukapiga kelele. Mgeni rasmi akauliza mashua ni ya nani, akaelezwa. Akamwita Mama Generoza mbele, akachukua kipaza sauti.

"Nimeambiwa lipo lori linaloondoka leo jioni, linakwenda tupu kufuata pamba upande wa Buseresere. Mafuta limeshapata. Naagiza mashua hii ipakiwe leo leo, iende ikaokoe mama zetu!"

Makofi yakapigwa. Nilimtazama Bwana Mfinanga. Naye alikuwa ananitazama. Nilijua anachokiwaza, maana ndicho nilichokiwaza mimi: lori lingine lenye mafuta la kwenda upande ule lingeweza kukaa miezi mitatu bila kupatikana. Na nilijua pia kwamba yeye hatasema. Si kwa ubaya. Aliyemwonyesha mgeni rasmi mashua ile nyeupe inayong'aa ni yeye, sasa aseme nini?

Makofi yakaendelea. Mama Generoza hakupiga. Alikuwa amezoea kuwauliza watu maswali wakiwa na maumivu, akajua uso unaoficha kitu. Akanigeukia pale mbele ya watu wote.

"Fundi. Nikimpakia mjamzito humu kesho kutwa, itatufikisha ng'ambo?"

Nilitaka kusema, "Tutazungumza pembeni, mama." Maneno yalikuwa tayari mdomoni.

"Hapana," nikasema.

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Ile hapana ilisikika mpaka kwa wale ng'ombe sita.

"Hapana, mama. Siku ya kwanza itakwenda vizuri. Siku ya tatu au ya nne mbao zitanenepa, zitakosa nafasi, na mataruma yatakatika. Yatakatika ghafla, katikati ya maji. Hii mliyoiona leo tumeiziba ili ipendeze. Nilijua, na sikusema kwa nguvu."

Mgeni rasmi alimtazama Bwana Mfinanga, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake. Sitasahau shingo yake ilivyolowa jasho. Nami niliona nimemwaibisha mtu aliyenipa mbao na muda wa miezi sita, mbele ya mji mzima, kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu.

Mama Generoza hakuonekana kukasirika. Aliuliza kama anavyouliza mtu wa kazi, "Inahitaji nini?"

"Kuikwangua puti yote. Siku nne za watu wawili. Kisha kuizamisha siku tatu inywe maji."

"Kukwangua lazima kufanyike Shinyanga?"

Swali hilo, vijana wangu, lilikuwa rahisi mno, na mimi na akili zangu zote za kiseremala sikuwa nimelifikiria.

"Hapana," nikasema tena, lakini hapana hii ilikuwa ya aina nyingine. "Hata ufukweni inafaa. Lakini anatakiwa mtu wa pili, na mtu huyo awe..." Nikaishia hapo. Sikuweza kumtazama Salehe. Kopo lake la miaka miwili, siku zake nane.

Salehe alikuwa amesimama upande wa pili wa mashua, amevaa shati jeupe la sikukuu. Alipitisha vidole pale ambapo ubao na ubao vilikutana bila kuonekana. Alifanya hivyo mara mbili.

"Puti ni yangu," akasema. "Mtu mwingine akiikwangua atachubua mbao." Kisha akamgeukia meneja. "Bwana Mfinanga, naomba ruhusa ya siku kumi."

Bwana Mfinanga alinyanyua uso. "Nendeni wote wawili," akasema. "Chukueni skrepa za stoo, zile mpya." Akamwelekea mgeni rasmi, wakatembea pamoja kuelekea kwenye magari, na kwa mbali nilimwona anaeleza kitu kwa mikono, akikutanisha viganja na kuvitenganisha, kama ubao unavyokauka na kunenepa. Kumbe siku ile alinisikia zaidi ya nusu.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa lori la ng'ombe. Sisi hatukuiona ikitolewa, tulikuwa tunafunga kamba.

Tulisafiri juu ya lori, ndani ya Yangeyange, mimi, Salehe na Mama Generoza. Tulilala Ushirombo, kesho yake tukapita Buseresere, alasiri tukaliona ziwa. Salehe alishuka, akaliangalia, akauliza, "Linaishia wapi?" Nikamwambia na mimi niliuliza hivyohivyo zamani. Hakucheka. Njia nzima alikuwa amesema maneno machache sana.

Tulikwangua siku tano, si nne. Puti ile ilikuwa imeshika kama mfupa. Salehe alikuwa fundi kweli. Siku ya pili, tukiwa tumelala chali chini ya mashua na unga mweupe umetujaa kwenye nyusi, akasema, "Ngasa, ulinipa mkono."

"Nilikupa."

"Ulijua."

"Nilijua. Uliipendezesha mno, nikashindwa."

Alikwangua kwa muda. "Siku nyingine kataa mapema," akasema. "Mimi si mtoto, ningekununia wiki moja tu."

Tulipomaliza, tukaitoa injini tukaiacha ufukweni, nikaweka pamba laini, kwa mkono mwepesi, tukaisukuma majini, tukaijaza mawe. Yangeyange ikashuka taratibu mpaka ikabaki honi peke yake juu ya maji. Mama Generoza alitoka zahanati akatukuta tumekaa ufukweni tunaitazama. Alisimama, mikono kiunoni.

"Mmeizamisha."

"Ndiyo, mama."

"Baada ya safari yote ile."

"Siku tatu tu, mama."

Akarudi kazini. Nadhani siku tatu zile hazikuwa fupi kwake, maana kila nilipogeuka nilimwona dirishani.

Siku ya nne tukatoa mawe, wanakijiji wakatusaidia kukumba maji kwa ndoo. Mashua ilinyanyuka kidogo kidogo. Mianya ilikuwa imefunga. Mistari ilionekana, kila ubao unajulikana, rangi imechubuka huku na huku. Ilikuwa imerudi kuwa chombo cha kazi. Tukasubiri saa nzima. Maji hayakuingia, zaidi ya unyevu kidogo karibu na nyuma, ambao nao ulikoma, tukairudisha injini mahali pake.

Jaribio la kwanza tulivuka ghuba kwa makasia, maana petroli iliyopatikana ilitunzwa kwa ajili ya wagonjwa. Wavuvi wawili walipiga makasia. Mama Generoza alikaa mbele, begi lake magotini. Nilimwambia Salehe abaki ufukweni kama anataka, kwa kuwa hakujua kuogelea na kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha. Akavua viatu, akavipanga vizuri juu ya jiwe, akaingia.

Hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini kabisa, juu ya mbao za sakafuni, na kiganja chake akakibandika kwenye mwanya wa ubavuni, chini ya usawa wa maji. Wavuvi walimwangalia, wakaendelea kupiga makasia. Upepo ulikuwa mdogo. Katikati ya ghuba mawimbi yakaanza kugonga ubavu, nikaona midomo yake inasogea, nadhani alikuwa anaomba. Mkono hakuutoa. Vijiji vya ng'ambo vikaanza kuonekana, kisha watu, kisha wanawake wamesimama ndani ya maji hadi magotini wakitungojea.

Chini ya mashua mchanga ukakwaruza. Mama Generoza akashuka, akapokewa. Salehe akabaki palepale alipokaa. Akautoa mkono wake taratibu, akaugeuza, akautazama, kisha akaninyooshea ili nami nione.

"Kavu," akasema.